Amintore Fanfani (1908–1999): Kuanguka na Kurudi katika Siasa ya Italia

Katika magazeti ya Italia ya nusu ya pili ya karne ya 20 msomaji alikuwa akikutana mara kwa mara na neno moja fupi, "Rieccolo". Limeundwa kwa vipande vitatu: ri-, yaani tena, ecco, ambalo huonyesha kitu kilichotokea mbele ya macho, na -lo, kiwakilishi cha mtu anayetajwa. Kiswahili kinahitaji maneno mawili, "huyo tena", na kinahitaji pia sauti ya mwenye nyumba anayefungua mlango akamkuta mgeni yule yule aliyemsindikiza jana. Mwandishi wa habari Indro Montanelli alimbandika jina hilo mwanasiasa Amintore Fanfani, nalo likamganda mpaka kufa kwake.

Haikuwa kejeli isiyo na msingi. Fanfani aliunda serikali mara sita, ya kwanza mwaka 1954 na ya mwisho mwaka 1987. Alikuwa katibu wa chama cha Demokrasia ya Kikristo (DC) mara mbili, na katika chama hicho katibu ndiye aliyekuwa kiongozi halisi. Alikuwa rais wa Seneti mara tatu. Aliongoza wizara za kazi, kilimo, mambo ya ndani, mambo ya nje na bajeti, na kwa mwaka mmoja akaongoza Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Katikati ya vyeo hivyo yapo maanguko ambayo kila moja lingetosha kummaliza mtu mwingine: 1954, 1959, 1963, 1965, 1971, 1975. Basi linalohitaji kuelezwa si kupanda kwake, maana wapandaji katika siasa ni wengi. Ni kwa nini hakuna aliyeweza kumwondoa kabisa, na kwa nini yeye mwenyewe, pamoja na vyeo vyote hivyo, hakukipata kile alichokitaka kuliko vyote. Mambo hayo mawili yana chanzo kimoja, nacho kimo katika muundo wa chama chake na katika sanduku la kura ya siri.

Vijiprofesa

Fanfani alizaliwa tarehe 6 Februari 1908 huko Pieve Santo Stefano, mji mdogo wa Arezzo katika nchi ya Toscana. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Milano, akahitimu mwaka 1930, kisha akawa mwalimu wa historia ya uchumi katika chuo hicho hicho. Mwaka 1934 alitoa kitabu juu ya Ukatoliki na Uprotestanti katika kuundwa kwa ubepari. Kabla yake mtaalamu wa Kijerumani Max Weber alikuwa amehusisha roho ya ubepari na maadili ya Waprotestanti. Fanfani alijibu kwamba roho hiyo ilikuwamo tayari katika miji ya wafanyabiashara kabla ya Luther, ila ilikua kinyume cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, kwa sababu bepari huifanya mali kuwa lengo lisilo na kipimo, ambapo Mkatoliki anatakiwa kuitumia kwa lengo lililo juu ya mali yenyewe. Msomaji akiikumbuka hoja hiyo ataelewa mengi ya yale yaliyofuata: mtu huyu hakuwa mkomunisti hata kidogo, lakini hakuamini pia kwamba soko likiachwa peke yake litatenda haki.

Ukurasa mwingine wa miaka hiyo haufai kurukwa. Fanfani alijiunga na chama cha Kifashisti, akatetea kwa kalamu yake mfumo wa koporatismo, yaani mpango wa dola ya Mussolini wa kuwaunganisha waajiri na waajiriwa katika vyombo vilivyosimamiwa na serikali. Wapinzani wake walimkumbusha jambo hilo muda wote wa maisha yake, na walikuwa na haki ya kumkumbusha. Baada ya Italia kusalimu amri Septemba 1943 alikimbilia Uswisi, akawa anawafundisha Waitalia wakimbizi huko, akarudi mwaka 1945.

Aliporudi alijiunga na kundi la walimu wa vyuo vikuu walioingia katika siasa kwa mlango wa DC: Giuseppe Dossetti, Giuseppe Lazzati na Giorgio La Pira. Waitalia waliwaita "professorini". Kiambishi -ini hupunguza ukubwa na huongeza kitu kingine ambacho ni vigumu kukitenga, nusu dharau na nusu mapenzi. Kwa bahati Kiswahili kinacho chombo hicho hicho katika ngeli ya ki-/vi-: wale walikuwa vijiprofesa. Kwa Fanfani jina lilimfaa mara mbili, kwa kuwa alikuwa mfupi wa kimo, na ufupi huo utarudi katika habari hii.

Kazi na wafanyakazi

Mwaka 1946 Fanfani alichaguliwa katika Bunge la Katiba. Ibara ya kwanza ndiyo iliyozusha mabishano ambayo mwanafunzi wa lugha atayafurahia. Chama cha Kikomunisti, chini ya Palmiro Togliatti, kilitaka Italia iitwe jamhuri ya kidemokrasia ya wafanyakazi. Wengi katika DC na vyama vya kiliberali waliogopa: neno "wafanyakazi" lilikuwa limekwisha kupata rangi ya tabaka moja, na nyuma yake walisikia mwangwi wa Moscow. Pendekezo la Wakomunisti na Wasoshalisti lilishindwa kwa tofauti ndogo ya kura. Ndipo likapita lile la Fanfani, kwamba Italia ni jamhuri ya kidemokrasia iliyojengwa juu ya kazi.

Kilichobadilika ni jina la mtu kuwa jina la tendo. Mfanyakazi ni mtu. Akitajwa, anatajwa pamoja naye jirani yake ambaye si mfanyakazi, na palepale kunakuwa na ndani na nje. Kazi haina jirani. Mkulima, daktari, mwenye duka na mwalimu wote wanaweza kusimama juu yake. Wakomunisti walilikubali tamko hilo kwa kuwa neno lao la msingi lilibaki, na waoga walilikubali kwa kuwa tabaka lilikuwa limeondoka. Katiba ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1948, na ibara hiyo ya kwanza haijabadilishwa. Wako wanaoiona kuwa ujanja wa maneno. Lakini mwaka mmoja baadaye mwenye maneno hayo alionyesha jinsi alivyoyaelewa.

Akiwa waziri wa kazi katika serikali ya Alcide De Gasperi, Fanfani alipeleka bungeni mpango uliopitishwa kuwa sheria ya tarehe 28 Februari 1949, ambao watu waliuita kwa jina lake kabla haujajulikana kama INA-Casa. Nchi ilikuwa imebomolewa na vita na imejaa watu wasio na ajira. Mpango ulikata kiasi kidogo katika mshahara wa mfanyakazi, ukatoza zaidi waajiri, serikali ikaongeza sehemu yake, na fedha hizo zikajenga nyumba. Lengo la kwanza halikuwa nyumba, bali ajira: ujenzi ulichaguliwa kwa sababu unakula mikono mingi na mashine chache. Katika miaka 14, hadi 1963, zilijengwa nyumba zipatazo 355.000. Juu ya kuta za majengo hayo walipachika vigae vidogo vya udongo wa rangi kama alama ya mpango, na hadi leo mtu anayepita katika mitaa ya kando ya miji ya Italia anaweza kuviona. Katika kazi zote za Fanfani hii ndiyo isiyo na ubishi mwingi.

Chama na makundi yake

DC ilikuwa katika kila serikali ya Italia tangu 1945 hadi 1994, ikaitwa chama, lakini kwa hakika ilikuwa shirikisho la makundi. Kila kundi lilikuwa na kiongozi, jina, mara nyingi jarida, watu wake mikoani na sehemu yake ya viti katika mkutano mkuu. Wizara ziligawanywa kwa kufuata uzito wa makundi. Kiongozi aliyeshindwa hakupoteza kundi lake. Alirudi nyumbani kwake ndani ya chama, akangoja. Na aliyeshinda hakuweza kutawala bila wale aliowashinda, kwa kuwa kura zao zilihitajika bungeni. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Jaribio la kwanza la Fanfani kuongoza serikali, Januari 1954, lilidumu siku chache tu: Bunge lilimnyima imani. Miezi michache baadaye, mkutano mkuu wa Napoli ulikipa ushindi kizazi kipya, naye akawa katibu wa chama. De Gasperi alifariki Agosti mwaka huo huo. Fanfani alikikuta chama kinachoishi kwa msaada wa wengine: maparokia na Kamati za Kiraia za Kikatoliki zilimtafutia mgombea kura, na wenye viwanda walitoa fedha. Alitaka chama chenye miguu yake. Alifungua ofisi, akaandikisha wanachama, akaweka makatibu wa mikoa wanaomtii, na akatafuta fedha na nguvu mahali pengine, katika mashirika ya umma. Mwaka 1956 iliundwa wizara maalumu ya mashirika hayo, na Enrico Mattei, mkuu wa shirika la mafuta la ENI, akawa mshirika wake wa karibu.

Dawa hiyo ilikuwa na sumu ndani yake, na ni haki kusema hivyo. Chama kilichoacha kutegemea wenye viwanda kilijifunza kutegemea hazina ya mashirika ya taifa, na utamaduni wa kugawana vyeo vya mashirika hayo kwa kadi ya chama ulikua tangu hapo mpaka mashtaka ya rushwa ya miaka ya 1990 yalipoiangusha DC yenyewe.

Uchaguzi wa Mei 1958 uliipa DC asilimia 42,4 ya kura. Julai Fanfani akawa waziri mkuu na waziri wa mambo ya nje, bila kuuacha ukatibu wa chama. Mtu mmoja, viti vitatu. Tena alikuwa mtu wa amri, mwepesi wa hasira, anayeanza kazi kabla wengine hawajaamka. Wakubwa wa makundi waliona kwamba nyumba ya wengi inageuka kuwa ya mmoja. Hakuna aliyesimama bungeni kumpinga. Haikuwa lazima.

Wakati huo kura nyingi za Bunge la Italia zilipigwa kwa siri. Mbunge wa chama tawala aliweza kuisifu serikali asubuhi, kisha mchana akaiangusha kwa kipande cha karatasi kisicho na jina. Waitalia waliwaita watu hao "franchi tiratori", jina la kivita la wale wanaopiga risasi kutoka mafichoni. Katika makala haya wataitwa wavizia. Kura baada ya kura, serikali ya Fanfani ilijikuta imepungukiwa na kura za chama chake yenyewe. Januari 1959 alijiuzulu uwaziri mkuu, kisha ukatibu. Pengine alitumaini kwamba wangemwomba abaki. Machi, viongozi wa kundi lake mwenyewe walikutana katika nyumba ya watawa wa Mtakatifu Dorotea huko Roma, wakaamua kukubali kujiuzulu kwake. Aldo Moro akawekwa mahali pake. Tangu siku hiyo watu wa kundi hilo waliitwa Wadorotei, na neno likaingia katika lugha ya siasa kwa maana ya mtu wa kati asiye na haraka ya jambo lolote isipokuwa kubaki madarakani.

Mwaka mmoja na nusu baadaye alirudi. Serikali ya Fernando Tambroni, iliyosimama kwa kura za wafuasi wapya wa Ufashisti, ilizusha maandamano Genova mwishoni mwa Juni 1960, na tarehe 7 Julai polisi waliwaua watu watano huko Reggio Emilia. Chama kilihitaji mtu ambaye mrengo wa kushoto ungeweza kumvumilia na ambaye alikuwa na ujasiri wa kushika usukani usiku wa dhoruba. Huyo tena! Katika serikali zake mbili za 1960 hadi 1963, kwa msaada wa nje wa Wasoshalisti, yalipita mambo mawili makubwa. Sheria ya tarehe 6 Desemba 1962 ilitaifisha umeme na kuunda shirika la ENEL. Sheria ya tarehe 31 Desemba 1962 iliunganisha shule za miaka mitatu baada ya msingi: kabla yake mtoto wa miaka 11 alichaguliwa ama kwenda katika shule ya Kilatini iliyoelekea chuo kikuu, ama katika ile ya ufundi iliyoelekea karakana, baada yake wote walikaa darasa moja hadi miaka 14. Malipo ya kisiasa yalikuja upesi. Aprili 1963 DC ilishuka hadi asilimia 38,3, lawama ikamwangukia Fanfani, na serikali ya kwanza yenye Wasoshalisti ndani, aliyoitengenezea njia, iliundwa na Moro.

Kindu, mafuta na Umoja wa Mataifa

Katika kipindi hicho hicho jina la mji wa Kongo liliingia katika historia ya Italia. Jeshi la anga la Italia lilikuwa limetoa ndege za uchukuzi kwa ajili ya kazi ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo. Tarehe 11 Novemba 1961 askari wa anga 13 wa brigedi ya 46 ya Pisa, wenye ndege mbili, walitua Kindu wakiwaletea shehena askari wa Malaya waliokuwa huko chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Ilikuwa wakati wa vita vya kujitenga kwa Katanga, na askari wa Kongo waliwadhania kuwa mamluki wa upande wa pili. Waliwakamata, wakawaua wote. Mabaki yao yalipatikana mwaka uliofuata na kuzikwa Pisa, katika Toscana ya Fanfani mwenyewe. Katika miji kadhaa ya Italia ziko barabara zinazobeba jina la mashahidi wa Kindu, na wakazi wengi wa barabara hizo hulitamka jina hilo kila siku bila kujua kwamba ni mji wa Maniema, kando ya Lualaba, wenye watu wanaosema Kiswahili.

Maafa hayo hayakumgeuza Fanfani kuipa Afrika mgongo. Sera ya nje aliyoisimamia ilibaki ndani ya muungano wa Marekani, lakini ilitafuta nafasi ya Italia yenyewe kwa Waarabu na kwa mataifa mapya, na chombo chake kikuu kilikuwa ENI ya Mattei. Kampuni kubwa za mafuta zilikuja na mkataba wa kununua haki za nchi. ENI ilikuja na mkataba wa ubia. Mattei alikufa katika ajali ya ndege tarehe 27 Oktoba 1962, lakini desturi hiyo iliendelea baada yake: kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER, Dar es Salaam, na kile cha SOCIR, Moanda kwenye pwani ya Kongo, vyote viwili vya miaka ya 1960, vilibeba jina la Italia pamoja na la nchi mwenyeji. Kwamba ubia huo ulikuwa na faida sawa kwa pande zote mbili ni swali la wanauchumi.

Akiwa waziri wa mambo ya nje katika serikali ya Moro, Septemba 1965 Fanfani alichaguliwa kuongoza kikao cha ishirini cha Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Ndiye aliyempokea Papa Paulo VI alipolihutubia Baraza hilo tarehe 4 Oktoba. Ni kikao hicho kilichoulaani utawala wa walowezi wa Rhodesia siku ile ile walipojitangazia uhuru, tarehe 11 Novemba, na kupitisha mkataba wa kimataifa dhidi ya ubaguzi wa rangi tarehe 21 Desemba.

Lakini huko huko alijikwaa. Rafiki yake wa zamani La Pira alikuwa amekwenda Hanoi, akaonana na Ho Chi Minh, akarudi na maneno yaliyoonekana kufungua njia ya mazungumzo ya amani. Fanfani aliyafikisha kwa Rais Johnson kwa barua. Habari zikavuja katikati ya Desemba, Hanoi ikakana, mabomu yakaendelea. Kisha La Pira, akiwa nyumbani kwa Fanfani, alizungumza bila tahadhari na mwandishi wa jarida la mrengo wa kulia, na mazungumzo yakachapishwa. Waziri akajiuzulu. Jambo la kushangaza ni muda uliopita kabla hajarudi katika wizara ile ile: miezi miwili.

Kiti cha Quirinale

Fanfani alitaka kuwa Rais wa Jamhuri, mwenye makazi yake katika ikulu ya Quirinale. Rais wa Italia huchaguliwa na wabunge, masenata na wajumbe wa majimbo, kwa kura ya siri, na kura hurudiwa hadi mmoja apate wingi unaotakiwa. Hakuna uwanja unaowafaa wavizia kuliko huo.

Mwaka 1964 mgombea rasmi wa DC alikuwa Giovanni Leone. Wafuasi wa Fanfani hawakumtaka. Siku baada ya siku waliandika katika karatasi zao jina la Fanfani, mpaka Leone akajitoa na akachaguliwa msoshaldemokrati Giuseppe Saragat katika kura ya 21. Kwa hiyo mtu aliyeangushwa na wavizia mwaka 1959 alikuwa naye amepata wavizia wake. Mwaka 1971 zamu ilibadilika. Fanfani, wakati huo rais wa Seneti, alikuwa ndiye mgombea rasmi. Katika ukumbi ule ule kura za chama chake zilianza kumkimbia. Karatasi moja ilikuja na ubeti wa kumtukana kwa ufupi wake na kumhakikishia kwamba hatachaguliwa kamwe. Alijitoa. Tarehe 24 Desemba, katika kura ya 23, alichaguliwa Leone. Naye Leone, Machi 1972, alimteua Fanfani kuwa seneta wa maisha, heshima ambayo mtu aweza kuisoma kama shukrani, kama msamaha, au kama kumpa mtu kigoda ili aache kukitazama kiti.

Habari haiishi hapo. Juni 1978 Leone alijiuzulu kabla ya muda wake. Katiba inasema kwamba Rais asipokuwapo, kazi zake hufanywa na rais wa Seneti, na rais wa Seneti alikuwa Fanfani. Kuanzia tarehe 15 Juni hadi tarehe 9 Julai mtu huyo mfupi wa Arezzo alizifanya kazi za Rais wa Jamhuri, bila karatasi hata moja kuandikwa jina lake. Kisha Sandro Pertini akaapishwa.

Ndiyo na hapana

Katikati ya miaka hiyo kulitokea anguko kubwa kuliko yote, na mara hii si wavizia waliomwangusha, bali taifa zima. Juni 1973 Fanfani na Moro, ambao Carlo Donat-Cattin aliwaita farasi wawili wa nasaba bora wa DC, walipatana, na Fanfani akarudi katika ukatibu wa chama. Alikuta suala la talaka. Sheria ya Desemba 1970 ilikuwa imeiruhusu kwa mara ya kwanza, na jumuiya za Kikatoliki zilikusanya saini za kudai kura ya maoni ya kuifuta. Wengi katika DC walitaka kuikwepa. Fanfani aliichukua kama vita yake, akazunguka nchi nzima akihutubia.

Umbo la swali lenyewe lilikuwa tatizo la lugha. Mpiga kura hakuulizwa kama anataka talaka. Aliulizwa kama anataka sheria ifutwe. Aliyeipenda talaka alipaswa kusema hapana, na aliyeichukia alipaswa kusema ndiyo. Kampeni za pande zote mbili zilitumia nguvu nyingi kufundisha sarufi hiyo. Watu walielewa vema. Tarehe 12 na 13 Mei 1974 asilimia 59,3 walisema hapana. Katika gazeti la Paese Sera mchoraji Giorgio Forattini alichora chupa ya shampeni yenye neno NO, kizibo kimeruka juu, na kizibo hicho ni Fanfani.

Kosa lake halikuwa imani yake. Alikuwa na haki nayo. Ni kwamba aliihesabu nchi ya 1974 kwa hesabu ya 1948. Wanakijiji waliokuwa wakimsikiliza padre walikuwa wamehamia Torino na Milano kufanya kazi viwandani, wengine katika nyumba alizozijenga yeye, na watoto wao walikuwa wamesoma katika shule aliyoiunganisha yeye. Katika uchaguzi wa majimbo wa Juni 1975 DC ilipata asilimia 35,3 na Wakomunisti 33,4. Julai baraza la chama lilimwondoa, Benigno Zaccagnini akashika nafasi yake. Mwaka mmoja baadaye alikuwa tena rais wa Seneti.

Miaka ya mwisho

Moro alipotekwa na kundi la Brigedi Nyekundu, tarehe 16 Machi 1978, viongozi wa DC walishikilia kwamba dola haizungumzi na wauaji. Fanfani alikuwa miongoni mwa wachache waliotajwa kuwa tayari kuacha mlango wazi kidogo. Tarehe 9 Mei Moro alikutwa ameuawa. Kati ya farasi wale wawili akabaki mmoja.

Baada ya hapo kurudi kwake kulikuwa na sura nyingine. Hakuitwa tena kama mtu wa dhoruba, aliitwa kama mtu wa zamu. Desemba 1982, akiwa na miaka 74, aliunda serikali iliyodumu hadi uchaguzi wa 1983. Aprili 1987 aliunda ya sita, iliyokusudiwa tangu mwanzo ishindwe ili Bunge livunjwe. Bungeni Wasoshalisti, ambao hawakutaka uchaguzi, waliipigia kura ya imani serikali isiyokuwa yao. Wabunge wa DC, ambayo serikali ilikuwa yao, walijizuia. Ikaanguka kama ilivyopangwa, na pengine hakuna mfano bora wa siasa ile ya kusema neno moja na kulitumia kwa maana ya kinyume chake.

Alikuwa waziri wa mambo ya ndani, kisha wa bajeti. Akiwa katika wizara hiyo ya mwisho, Oktoba 1988, Bunge lilibadili kanuni zake na kuipunguza sana kura ya siri katika shughuli zake; katika uchaguzi wa Rais wa Jamhuri imebaki. Silaha iliyomwangusha mara nyingi iliwekwa chini yeye akiwa na miaka 80. Alitoka serikalini mwaka 1989. Januari 1994 DC ilijivunja, na katibu wake wa zamani akaishi baada ya chama chake.

Nyumbani alikuwa akichora picha kwa rangi, kazi aliyoipenda tangu ujana. Alifariki Roma tarehe 20 Novemba 1999, angali seneta wa maisha, kiti ambacho aliketi miaka 27 bila kumwomba mtu kura.